Safu ya Yasiyo Yangu

Machi 9, Jumatatu

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nne asubuhi, karakana nzima ikanuka vumbi lililolowa. Naanza daftari hili kwa sababu ya kitabu. Mgonjwa mmoja alikisahau kwenye benchi la kusubiria mwezi uliopita. Hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo sijui nani kaandika wala kinaitwaje. Kinahusu Wastoa, watu wa kale waliokuwa wakifundishana kwenye ukumbi wa nguzo namna ya kuishi bila kupelekeshwa na kila kitu. Kinasema mmoja wao alikuwa mtumwa mwenye mguu mbovu. Nilipofika hapo nilimwonea huruma. Angezaliwa zama hizi ningempima mwenyewe.

Maana kazi yangu ndiyo hiyo, kutengeneza miguu ya bandia. Mwaka wa kumi na nne huu.

Kitabu kinataka mtu aandike kila jioni, agawe mambo ya siku kwenye safu mbili. Yaliyo yangu: ninachofikiri, ninachotaka, ninachotenda. Yasiyo yangu: mengine yote, mvua, maneno ya watu, cheo, afya. Ya kwanza uyashughulikie kwa nguvu zako zote, ya pili uyaache yapite. Nimepiga mstari katikati ya ukurasa kwa rula ya karakana.

Yangu: kumaliza mguu wa dereva kabla ya Ijumaa. Kutojibu watu kwa ukali.

Yasiyo yangu: mvua. Wifi.

Machi 10

Niseme ukweli, daftari si ni langu? Wifi ni mke wa mdogo wangu. Walihamia kwetu Novemba, baada ya kituo alichokuwa akifanya kazi Wifi, huko kwenye nchi kavu ya upepo na mchanga, kufungwa. Kwetu ni nyumbani kwa Mama, ninakoishi tangu ndoa yangu iishe. Na mimi ndiye niliyemwombea Wifi kazi. Nilikwenda kwa Mzee, mkuu wa karakana, nikamwambia, "Mzee, wifi yangu ana stashahada na miaka sita ya kazi hii hii, tusimwache apotee." Hakuna aliyenituma.

Sasa wagonjwa wanaingia, wananisalimia vizuri, halafu macho yao yanaanza kutangatanga. "Yule dada mwingine yupo?"

Mzee anastaafu mwisho wa Mei. Kuna kiti, kuna funguo za chumba cha kupimia, na kuna jina litakaloandikwa mlangoni. Mimi sina stashahada. Niliingia pale kufagia vumbi la plasta, Mzee akaniona nina mkono, akanifundisha. Kiti kile nimekingoja tangu siku nilipokuwa nakifuta vumbi. Mwaka jana nilikuwa na uhakika nacho kama uhakika wa kulala nikaamka. Mwaka huu sina.

Machi 12

Nimeoga maji baridi makusudi. Kitabu kinashauri mtu ajizoeshe shida ndogo ndogo ili kubwa zisimshtue. Mama akagonga mlango wa bafuni.

"Wewe, una nini? Maji ya moto si yapo?"

"Najizoesha, Mama."

"Unajizoesha nini, kufa?"

Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mama akacheka kwa sababu Wifi amecheka. Nikatoka na taulo langu, natetemeka, nimenuna, falsafa yote imebaki kwenye ndoo.

Machi 13

Mvua. Hakuna la kuandika.

Machi 17

Mama ana kama miaka mitatu analalamika goti la kushoto. Tumemkanda, tumempeleka hospitali, tumempigia magoti apunguze kupanda ngazi. Jana Wifi alikaa kwenye kigoda, akamtazama Mama akitembea kutoka jikoni hadi sebuleni, mara mbili. Leo kachukua kiatu cha Mama, kakata kipande cha mpira, kakichonga, kakibandika chini ya soli upande mmoja. Mama kavaa. Kaenda mpaka getini na kurudi.

"Mwanangu," Mama akamwambia, "wewe ndiye uliyenizaa mimi."

Miaka kumi na minne natazama miguu ya watu tangu asubuhi hadi jioni, nalipwa kwa kuitazama, na sikuwahi kutazama kiatu cha mama yangu. Roho iliniuma hadi chakula kikanishinda. Ungekuwa wivu mtupu ningeumeza, lakini ulichanganyika na aibu, na viwili hivyo havipiti koo moja.

Yasiyo yangu: sifa za Mama.

Machi 20

Zoezi la leo ni kuvua vitu nguo. Kitabu kinasema ukitamani kitu, kitazame kilivyo bila mapambo yake. Nimejaribu. Kiti cha Mzee: mbao, sponji iliyotoa ulimi, mguu mmoja umefungwa waya. Funguo: vipande vinne vya chuma. Cheo: watu kuja kulalamika kwako badala ya kwenda kulalamika kwa mwingine.

Bado nakitaka.

Nikamvua na Wifi. Mwanamke wa miaka thelathini na miwili, ana mwanya, anakoroma, anaweka sukari nyingi kwenye chai, anaacha taulo kitandani. Nikajisikia vizuri kwa dakika kumi. Halafu akaniletea chai, bila sukari, kama ninavyoipenda.

Machi 24, Jumanne

Mzee amekwenda kutibiwa macho tangu jana, hatarudi hadi Ijumaa. Aliniachia funguo. "Chochote kisiingie kwenye tanuri kabla hujakiona na kukitilia sahihi," alisema. Nilizivaa kiunoni, nikawa nazisikia zikigongana kila hatua, na sitaficha, nilitembea zaidi ya ilivyohitajika.

Jana Wifi alimpima Msusi. Msusi ni mwanamke wa saluni ya barabara ya pili. Alikatwa mguu chini ya goti mwaka jana, na kazi yake yote ni ya kusimama. Wifi alikizungushia kigutu bendeji za plasta, akapata kalibu, akaijaza plasta, akapata sanamu ya kigutu, akaichonga. Kazi safi. Hata mimi nilisimama nikaitazama. Kinachofuata ni kuifunika sanamu kwa plastiki iliyotoka kwenye tanuri, ipoe juu yake, iwe kikombe ambacho Msusi ataingiza kigutu chake.

Lakini sanamu lazima iwe imekauka hadi ndani. Huko alikotoka Wifi, kwenye upepo ule, usiku mmoja unatosha. Hapa, kwenye mvua hii, ni siku tatu, wakati mwingine nne. Ikiwa mbichi inatoa mvuke, plastiki inashika vipovu ndani ya ukuta wake, na kwa nje huoni kitu. Mzee alinifundisha kuiwekea shavu. Ikiwa baridi, bado ina maji. Mkono unadanganyika, shavu halidanganyiki.

Nimeiwekea shavu leo asubuhi kabla Wifi hajafika. Baridi kama sakafu.

Saa tano akaja na karatasi ya mgonjwa, ile ya kuruhusu kazi iendelee. "Wifi, umeiona sanamu yangu?"

"Nimeiona."

"Niwashe tanuri? Naona kwa nje imeshakuwa ngumu. Kule kwetu tungekuwa tumeshamaliza."

"Mwenye cheti ni wewe, wifi yangu."

Akacheka. Kila siku tunataniana hivyo, mimi na cheti chake, yeye na bafu langu la baridi. "Haya, mwalimu," akasema, akanipa karatasi nitie sahihi. Nikatia. Akaenda kuwasha tanuri.

Yangu: kazi yangu.

Yasiyo yangu: plasta ya Wifi.

Aprili 2

Msusi amechukua mguu wake. Alitembea kati ya yale mabomba mawili ya kushikia, akayaachia, akaenda hadi dirishani, akageuka akatukatikia kiuno. "Mniandalie na wa kuchezea!" akasema. Mzee alipiga makofi. Msusi akamkumbatia Wifi, mafuta ya nywele yakabaki kwenye koti la Wifi begani.

Mimi nikaambiwa, "Asante na wewe, fundi."

Na wewe.

Aprili 6

Mguu wa Msusi unatembea. Nimempita leo saluni kwake, amesimama anasuka na anasimulia kwa wakati mmoja. Labda shavu langu lenyewe ndilo lilikuwa baridi.

Aprili 7

Mvua. Nguo hazikauki.

Aprili 14

Mzee amevuta kigoda chake hadi kwenye meza ya Wifi, akamwomba amwonyeshe namna wanavyochora alama za mifupa huko alikosomea. Mzee! Aliyenifundisha kushika tupa! Amekaa na miwani mipya, anatikisa kichwa kama mwanafunzi. Nikaangusha nyundo, kwa bahati mbaya. Nikaiangusha tena.

Yasiyo yangu: Mzee kukaa anapotaka.

Aprili 19, Jumapili

Kitabu kina zoezi la kuwaza hasara mapema. Unakaa kimya, unaiona hasara imekufikia, ili ikija kweli ikukute umeshaizoea. Nikakaa kibarazani. Nikawaza Wifi amekaa kwenye kile kiti. Nikawaza jina lake mlangoni, kwa rangi nyeupe. Nikawaza Mama akipita kuja kumwona na kiatu chake kilichobandikwa mpira. Kitabu kinaahidi kwamba ukishaliona mapema, halitakuuma. Mimi limeniuma kabla ya wakati wake, na likifika litaniuma tena.

Kisha nikafanya zoezi ambalo halimo kitabuni. Nikawaza kikombe cha Msusi kikipasuka.

Nimekaa nalo hilo kwa muda mrefu kuliko lile la kwanza. Naandika kwa sababu nimejiahidi kuandika.

Aprili 27, Jumatatu

Kimepasuka.

Ni asubuhi, saa mbili na nusu. Msusi alikuwa anashuka ngazi za saluni kwenda kumwaga maji. Watu wanasema ulisikika mlio kama wa ubao. Kikombe kilipasuka upande wa nyuma, mguu ukageuka, akaanguka na mkono wa kulia mbele. Kifundo cha mkono kimevunjika sehemu mbili. Mkono wa kulia, wa kusukia.

Walituletea mguu karakanani umefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mzee aliukata ukuta wa kikombe kwa msumeno, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Vipovu vilikuwa vimejipanga ndani kama mayai ya chura. Akauweka mezani. Hakupaza sauti.

"Nani alitengeneza?"

"Mimi," Wifi alisema.

"Sanamu ilikauka?"

"Nilifanya haraka, Mzee. Sikujua mvua ya huku."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilingoja aseme lililobaki. Aseme, niliuliza nikajibiwa. Aseme, sahihi ya wifi yangu ipo kwenye karatasi. Hakusema. Mzee naye hakuitafuta karatasi, maana tangu lini niliwahi kutia sahihi kitu kibovu? Wifi aliinua ule mguu, akaubeba kwa mikono miwili kama anabeba mtoto aliyelala, akaupeleka stoo.

Hata kukosea, anakosea vizuri. Hilo ndilo lililonijia kichwani, Mungu anisamehe. Msusi ana mkono umevunjika na mimi naona wivu jinsi mwenzangu anavyobeba lawama.

Nilitaka kuandika kwenye safu leo. Sikujua niweke nini wapi.

Aprili 28

Hakuna.

Aprili 29

Hakuna. Wifi hajala.

Mei 4, Jumatatu

Mzee ameniita chumba cha kupimia, akafunga mlango. Macho yake bado mekundu kidogo tangu yale matibabu.

"Nilikuwa nimegawanyika," akasema. "Nikuambie tu wazi, binti yangu. Nilikuwa namfikiria yeye. Ana jicho. Lakini jicho bila uangalifu litatuulia watu. Wewe hujawahi kuniangusha. Mwisho wa mwezi utachukua funguo."

Nilishukuru. Nikatoka, nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikacheka bila sauti nimejishika mdomo. Acha niandike jinsi ilivyokuwa: nilifurahi. Miaka kumi na minne! Nilinunua maandazi nikagawa karakana nzima, na Wifi akachukua moja, akasema, "Hongera sana, wifi. Unastahili," na macho yake yalikuwa safi kabisa, hayana hata chembe ya kile ambacho yangu yamejaa tangu Novemba.

Mei 5

Nimejaribu ufunguo mlangoni, Mzee akiwa ametoka. Unazunguka vizuri.

Mei 9, Jumamosi

Wifi anafungasha. Anasema anaacha kazi hii kabisa, atakwenda kumsaidia dada yake dukani, mbali, safari ya siku mbili. Mdogo wangu anabeba masanduku, hanitazami. Alipopita karibu yangu alisema tu, "Dada, anaamka usiku anasema 'mkono wa kulia'. Nifanyeje?"

Mama kakaa jikoni ameshika tama, chai imepoa mbele yake. "Mzungumzishe," akaniambia. "Wewe ni mkubwa wake kazini. Mwambie kila fundi huharibu."

"Nitamwambia, Mama."

"Mwambie leo."

Sikumwambia leo.

Mei 12

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Nilikuwa natafuta mahali palipoandikwa jambo la kunituliza, maana siku hizi kitabu chenyewe nakiona kama mtu aliyeninyamazia.

Nikafika Machi 24. Nimeisoma pengine mara kumi. "Yasiyo yangu: plasta ya Wifi." Mwandiko umenyooka, wa mtu mwenye amani. Na nakumbuka kweli nilikuwa na amani jioni ile. Niliona nimefuzu somo. Nimemwachia mwenzangu mambo yake, sijiingizi, sipelekeshwi.

Shavu langu lilikuwa langu. Nilichojua kilikuwa changu. Ulimi ni wangu, sahihi ni yangu, funguo zilikuwa kiunoni mwangu na nilijitembeza nazo kama bibi harusi. Siku nzima ile, kati ya mvua na macho ya Mzee na stashahada za watu, kulikuwa na jambo moja tu lililokuwa langu kuliko yote, na hilo hilo ndilo nililolitupa ng'ambo ya mstari. Kitabu hakikunidanganya. Mimi ndiye niliyeushika mstari ule nikausogeza hadi nilipotaka upite. Nimefanya mahesabu ya roho yangu kila jioni kwa wiki tisa, na kila jioni niliiba.

Na nilijua. Hilo ndilo baya zaidi. Sikusahau, sikukosea, sikuwa na haraka. Nilitaka aanguke, akaanguka mwingine.

Mei 13

Nilimwambia Wifi leo jioni, kwenye karo la karakana, tulipokuwa tunaosha mabakuli ya plasta. Amebakiza siku chache za kazi. Nilisema bila kuzunguka, maana ningezunguka ningepata mlango wa kutokea.

"Ile sanamu ya Msusi nilijua ni mbichi. Niliigusa asubuhi. Ukaniuliza, nikakunyamazia, nikatia sahihi."

Aliendelea kukwangua bakuli. Nikadhani hajasikia.

"Ulinijibu mwenye cheti ni mimi," akasema. "Nikacheka."

"Ndiyo."

"Nilijua ni utani."

"Haukuwa utani."

"Kwa nini, wifi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yalikimbia yote. "Kwa sababu wanakupenda," nikasema. "Wagonjwa. Mzee. Mama. Nilikuwa na hivyo vitu vichache, ukaja ukavichukua bila hata kuvitaka."

Nilitegemea alie, ama anisamehe. Kwa jinsi alivyo, nilikuwa nimeshajiandaa kusamehewa. Akazima bomba. Sijawahi kuuona uso wake ule.

"Wiki mbili nimekuwa nikijiona muuaji. Nimemwambia mume wangu nisipewe hata kisu cha jikoni. Na wewe unakula nami sahani moja." Akajifuta mikono. "Umemwambia Mzee?"

"Bado."

"Umemwambia Msusi?"

"Bado."

"Basi hujaniambia kitu. Umekuja kujikosha kwangu tu, kwa sababu mimi ni rahisi."

Akaondoka na bakuli halijaisha kuoshwa. Tulirudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara, mvua inatunyeshea wote.

Mei 14

Mzee aliisikiliza habari yote amesimama. Nilipomaliza alitoa karatasi ya mgonjwa kwenye kabati, akaitazama sahihi yangu kwa miwani, kisha bila miwani.

"Shavu nilikufundisha mimi," akasema.

Aliniambia niandike yote kwa mkono wangu, nitie sahihi, naye ataipeleka kwa wakubwa wa hospitali. Kuhusu kiti hakusema neno, na mimi sikuuliza. Nilipofika mlangoni akasema, "Umechelewa, binti yangu, lakini umekuja mwenyewe," na sikujua kama ananisifu au ananihesabia.

Mei 16, Jumamosi

Nimekwenda saluni. Msusi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkono umefungwa shingoni, magongo yameegemea kioo. Binamu yake anasuka badala yake, na yeye anaelekeza kwa kidevu. Aliponiona akachangamka.

"Fundi! Umeniletea mguu au umekuja kusukwa?"

Nikaomba tuzungumze pembeni. Akasema pembeni hapaendeki kwa mguu mmoja, niseme hapo hapo. Nikasema hapo hapo, mbele ya binamu na mteja mwenye nywele nusu. Kila neno lilikuwa zito kama tofali. Nilipofika kwenye wivu ilinibidi nirudie.

Hakukuwa na anayesuka tena.

"Yaani ulijua," Msusi akasema. "Ukaniona nacheza pale dirishani, nawe unajua."

"Nilijua."

"Ulikuwa unanitazama usoni."

Nikatazama magongo yake.

"Yule mwenzako alikuja hapa siku ya pili tu," akasema. "Alilia mpaka nikambembeleza mimi. Mimi! Na mkono wangu hivi." Akanionyesha mlango kwa ule mkono mzima. "Toka, fundi. Nisije nikasema la kutosemeka."

Nimetoka. Nilitembea mpaka nyumbani bila kufungua mwavuli, na haikuwa kujizoesha, nilisahau tu kwamba ninao.

Mei 17

Mama anajua. Hakunisema. Aliniwekea chakula, akakaa mbali.

Mei 19

Wifi ameyafungua masanduku. Hakuniambia. Niliona taulo kitandani.

Mei 25, Jumatatu

Mzee ametukusanya wote asubuhi. Wakubwa wamenipa onyo la maandishi, na kwa mwaka mzima sitatia sahihi kazi ya mtu, itakuwa mimi ndiye wa kutiliwa. Funguo atachukua Wifi. Alisema hivyo hivyo, kwa sentensi moja, halafu akakohoa.

Watu walipiga makofi. Nikapiga. Lile zoezi la kuwaza mapema halikunisaidia hata kidogo: niliwahi kuiona hii siku yote, hadi rangi nyeupe ya mlangoni, na imeniuma kama jambo jipya. Nilidhani nikishasema ukweli wivu utaondoka, kwamba ndiyo malipo yake. Haukuondoka. Umekaa pale pale, umevaa nguo nyingine.

Yangu: kesho kufika saa moja kamili.

Mei 29, Ijumaa

Mvua imepungua, leo imedondoka kidogo tu mchana. Msusi amekuja kupimwa upya. Alikaa kwenye kitanda cha kupimia, akaninyooshea kidole kabla hata sijamsalimia.

"Huyu asiniguse."

"Sawa," nikasema.

"Nimtake nani, basi? Mzee macho mabovu." Akatazama mlangoni. "Mwite yule mwingine. Yeye aliharibu bila kujua."

Nikaenda kumwita. Wifi alikuja, funguo alizokabidhiwa jana ziko mfukoni, hata hazipigi kelele. Alipiga magoti mbele ya Msusi, akakivalisha kigutu soksi, akachora alama za mifupa kwa kalamu, moja moja, taratibu, akiuliza, "Hapa panauma? Na hapa?" Msusi akaanza kumsimulia habari za binamu yake anayesuka mistari iliyopinda. Walicheka. Mimi nilisimama nyuma na beseni la maji ya moto, nachovya bendeji za plasta, nakamua, nampa. Hiyo ndiyo kazi niliyoanza nayo, nilipomaliza kufagia.

Alivyoizungusha bendeji, alivyoilaza kwa kidole gumba chini ya goti, ilikuwa kazi nzuri kuliko yangu. Nimeitazama kwa karibu na sina njia ya kuipunguza. Nilitaka niwe mimi niliyepiga magoti pale. Nilitaka Msusi acheke na mimi. Nilitaka vyote, kama nilivyovitaka Machi, na sidhani kama nitaacha.

"Wifi," akaniita bila kugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karo. "Maji yamepoa."

Nikalichukua beseni, nikaenda kubadilisha.